Mwaka Mmoja Chini ya Mlezi: Tathmini ya Mafunzo ya Uongozi kwa Watumishi wa Kanisa

Kwa muda wa miezi 12 nimekuwa mshiriki wa mafunzo ya ukuaji binafsi na uongozi yaliyoandaliwa kwa ajili ya watu wanaohudumu kanisani: wachungaji, wainjilisti, makatekista, wazee wa kanisa, viongozi wa vijana na wa kwaya, na wale wanaosimamia idara za maombi na za huduma kwa wahitaji. Niliyamaliza majuma machache yaliyopita, na kwa kuwa watumishi kadhaa wameniuliza kama yanafaa, nimeona ni afadhali niandike kwa urefu kuliko kumjibu kila mmoja peke yake. Sitawataja wenye mafunzo kwa jina, kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozieleza ni nzito, na kwa sababu muundo wao unafanana na wa huduma nyingine nyingi za aina hii. Anayefikiria kujiunga na mafunzo kama haya, popote alipo, atapata humu maswali ya kuuliza kabla ya kujiandikisha.

Nitoe hukumu yangu mapema. Masomo yenyewe ni ya wastani, vikundi ni vizuri, na saa moja ya kila mwezi pamoja na mlezi ina thamani kuliko hayo mawili yakiwekwa pamoja. Ikiwa mafunzo unayoyatazama hayana mlezi wa namna nitakayoieleza, basi unachonunua ni mihadhara, na mihadhara kuhusu uongozi haijawahi kuwa adimu.

Mafunzo yana sehemu nne. Kila juma mshiriki hupata somo moja la video lenye urefu wa takribani dakika 40, pamoja na kitini chenye maswali ya kujitafakari. Mara mbili kwa mwezi hukutana kwa njia ya mtandao na kikundi cha watu sita chini ya mwezeshaji. Mara moja kwa mwezi huzungumza kwa saa moja na mlezi wake, ambaye kwa kawaida ni mtumishi mkongwe aliyekwisha kukabidhi usimamizi wa usharika wake kwa mwingine. Zaidi ya hayo kuna mafungo mawili ya siku tatu, ya kwanza mwanzoni na ya pili karibu na mwisho, ambako washiriki wote huonana ana kwa ana.

Masomo ya video yamepangwa katika mada ambazo mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria semina ya uongozi atazitarajia: maono, matumizi ya muda, kugawa majukumu, kusuluhisha migogoro, usimamizi wa fedha, kuandaa warithi. Walimu wanajua kusema, sauti inasikika vizuri, na hakuna somo lililochelewa kutufikia. Tatizo liko kwenye chimbuko la mawazo. Miezi mitatu ya kwanza ilijaa lugha ya kampuni, malengo yanayopimika na ongezeko la asilimia, kana kwamba kazi ya kuchunga roho za watu hupimwa kwa kipimo kilekile cha mauzo. Katika kitini cha mwezi wa pili tulitakiwa kuandika idadi ya waumini wapya kama kipimo cha kwanza cha ukuaji wetu sisi wenyewe, na swali la tabia ya kiongozi likawekwa la saba. Mtume Paulo, katika sura ya tatu ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, alipanga mambo kinyume kabisa. Anataja sifa zaidi ya kumi za mwangalizi: asilaumike, awe na kiasi, awe mkaribishaji, asiwe mgomvi, asipende fedha, asiwe mchanga katika imani, na nyinginezo, na katika orodha yote hiyo ustadi wa kazi unaotajwa ni kujua kufundisha, pamoja na kuisimamia vema nyumba yake mwenyewe. Sisemi kwamba mipango haina nafasi katika huduma. Nimeona sharika zikiumia kwa sababu mchungaji wao alidhani kupanga ni kukosa imani. Hata hivyo, mafunzo yanayoanza na hesabu ya watu na kuiacha tabia mpaka ukurasa wa mwisho yamemfundisha mtumishi, hata kabla hajajibu swali lolote, kwamba tabia ni nyongeza.

Mfano ulioniuma zaidi ni somo la Yethro, mkwe wa Musa. Sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka hutumiwa karibu katika kila mafunzo ya uongozi wa kanisa, na mara nyingi hutumiwa kama mchoro wa ngazi za utawala: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Mwalimu wetu naye aliuchora mchoro huo, akatuambia tuchore wa kwetu, somo likaisha. Nilipoisoma tena sura ile usiku huo niliona kwamba karibu kila jambo la maana lilikuwa limeachwa. Yethro hakuanza na ushauri. Alifika kama mkwe, akasikiliza habari zote za safari, akafurahi, akamtolea Mungu sadaka, akaketi mezani pamoja na wazee wa Israeli. Kesho yake ndipo alipomwona Musa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, na neno lake la kwanza juu ya jambo hilo likawa swali. Sifa alizozitaka kwa wasaidizi zilikuwa za moyo: kumcha Mungu, kuwa watu wa kweli, kuchukia mapato ya udhalimu. Kisha sura inafunga kwa jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa, yaani kwamba Yethro aliondoka akarudi nchini kwake. Hakupewa cheo kwa ushauri wake, wala hakubaki kambini kula kwa mkono wa Musa. Aliweza kumwambia kiongozi wa taifa zima kwamba anachokifanya si chema kwa sababu hapakuwa na kitu chochote ambacho Musa angeweza kumnyang'anya.

Fikra hiyo iliniongoza mwaka wote, na ndiyo iliyonisaidia kuelewa kwa nini sehemu fulani za mafunzo zilinijenga na nyingine zikanipita. Mtumishi wa kanisa amezungukwa na watu wa aina mbili: walio chini yake, ambao wengi wao humheshimu mno kiasi cha kutomwambia ukweli, na walio juu yake, ambao wana uwezo wa kumhamisha au kumwachisha kazi, na kwa hiyo yeye mwenyewe hathubutu kuwafungulia moyo. Anayekosekana ni mtu wa tatu, asiyemtegemea na asiyetegemewa naye, mwenye haki ya kuuliza.

Kabla sijafika kwa mtu huyo, ni haki nilisifu somo la mapumziko. Mwalimu wake, mama mmoja mwenye sauti ya upole, hakutupa hila za kugawanya saa za siku. Alitusomea habari za Eliya katika sura ya 19 ya kitabu cha kwanza cha Wafalme, jinsi nabii aliyetoka kwenye ushindi mkubwa alivyolala chini ya mti akiomba afe, na jinsi malaika alivyomwamsha mara mbili ili ale na kunywa kabla hajaulizwa swali lolote kuhusu huduma yake. Akatuonyesha kwamba Mungu alianza na usingizi na chakula. Kisha akatupeleka kwa Bernard wa Clairvaux, abate wa monasteri huko Ufaransa, ambaye mwanafunzi wake wa zamani wa monasteri alichaguliwa mwaka 1145 kuwa Papa Eugenio III. Bernard hakumwandikia barua ya pongezi peke yake. Alimwonya kwamba wingi wa kesi na mashauri utaufanya moyo wake uwe mgumu mpaka asihisi tena kwamba ni mgumu, na akamwomba kwamba, ikiwa amejitoa kuwa wa watu wote, basi ajihesabu na yeye kuwa mmoja wa watu hao. Nililisikiliza somo hilo mara tatu. Kazi ya nyumbani ilikuwa kuchagua siku moja katika juma na kuitaja mbele ya kikundi, ili wenzetu wawe na ruhusa ya kutuuliza kama tumeitunza. Nimeichagua Jumatatu, na hadi leo naitunza, isipokuwa pale panapotokea msiba.

Somo jingine la kukumbukwa lilihusu kusema na watu wa hali tofauti. Lilijengwa juu ya kitabu alichokiandika Gregori Mkuu baada ya kuchaguliwa askofu wa Roma mwaka 590, alipokuwa analaumiwa kwa kutaka kuukimbia mzigo ule. Sehemu yake ya tatu, iliyo ndefu kuliko zote, inapanga watu wawili wawili, tajiri na maskini, mwenye furaha na mwenye huzuni, mwepesi wa kusema na mnyamavu, na kueleza kwa nini onyo linalomponya mmoja linaweza kumdhuru mwingine. Mwalimu alilifafanua hilo vizuri sana. Nilisikitika tu kwamba aliiacha sehemu ya nne, ambayo ni fupi mno na ambayo humtaka mchungaji, baada ya kuwahudumia wengine wote hao, arudi ndani ya nafsi yake asije akajivunia alichokifanya. Kwa mafunzo yanayojiita ya ukuaji binafsi, hapo ndipo palipopaswa kukaliwa.

Nije kwenye vikundi. Waandaaji walihakikisha kwamba katika watu sita hakuna wawili wanaotoka katika usharika mmoja wala walio katika ngazi za utawala zinazogusana, na uamuzi huo mmoja ndio uliofanya kikundi chetu kiwe na uhai. Tulikuwa wachungaji wawili, mwinjilisti, katekista, mzee wa kanisa ambaye ni mwalimu wa shule, na dada anayeongoza idara ya wanawake. Kila mkutano ulianza kwa kila mmoja kueleza hali ya nafsi yake kwa dakika tano bila kukatizwa, na bila mtu kumpa ushauri kama hakuomba. Mwanzoni tulihubiriana. Kufikia mwezi wa nne tulikuwa tumejifunza kunyamaza.

Mtindo huu una historia ndefu, na mwezeshaji wetu wa kwanza alitusimulia sehemu yake. Mwaka 1742, mjini Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao la mikutano. Ikapendekezwa kwamba kila mtu atoe peni moja kila juma, na kwamba wagawanywe katika vikundi vya watu kama 12, kila kikundi na mkusanyaji wake, ambaye angewapitia nyumbani na kuwajazia wasioweza kutoa. Wakusanyaji walipopita majumbani waligundua mambo ambayo mimbarini hayaonekani: mume mlevi hapa, ugomvi kule, mtu aliyeacha kuomba. Wesley akatambua mara moja kwamba mpango wa fedha umempa kitu alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu, na vikundi hivyo vikawa uti wa mgongo wa malezi ya Wamethodisti. Napenda kwamba jambo hilo halikutokana na nadharia ya uongozi. Lilitokana na mtu kubisha hodi kila juma kwa sababu ndogo na kukuta sababu kubwa.

Kikundi chetu kiliwekewa pia sharti la kutomzungumzia mwenzetu asipokuwepo, na kama ikitokea tumemzungumzia, kumwambia wenyewe. Sharti hilo lilitumika katika seminari ya Finkenwalde, ambayo Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, aliiongoza kuanzia mwaka 1935 mpaka ilipofungwa na polisi wa siri wa Ujerumani mwaka 1937. Ukilisikia linaonekana dogo. Jaribu kuliishi kwa mwezi mmoja katika kamati ya kanisa, nawe utaona ni maneno mangapi hubaki yamekwama kooni, na ni mangapi kati ya hayo tulizoea kuyaita mambo ya kuombea.

Hapa ndipo kasoro kubwa kuliko zote ilipotokea. Katika mwezi wa sita mwezeshaji wetu alibadilishwa bila maelezo, na yule mpya alirekodi mkutano wetu bila kutuomba ruhusa, kwa nia, kama alivyosema baadaye, ya kuwasaidia waliokosa kuhudhuria. Katika mkutano huo mmoja wetu alikuwa amefungua jambo la nyumbani kwake ambalo hajawahi kumweleza mtu. Tulipogundua, tuliandika barua. Jibu lilichukua siku 19 kufika. Rekodi ilifutwa na tuliombwa radhi kwa maneno mazuri, lakini mikutano mitatu iliyofuata ilikuwa mikavu, na mwenzetu yule hakurudia tena kusema kwa uwazi mpaka mafungo ya pili. Mtumishi hutumia miaka kutunza siri za wengine. Akithubutu kutoa ya kwake mara moja na ikashikwa vibaya, huenda asithubutu tena maisha yake yote. Kwa hiyo, yeyote anayetaka kujiunga na mafunzo ya namna hii aulize kwanza, na ajibiwe kwa maandishi: ni nani atakayesikia nitakayosema, yatahifadhiwa wapi, na ni nani nitakayemwendea ikiwa ahadi itavunjwa?

Sasa mlezi. Niliyepewa alikuwa mchungaji aliyehudumu kwa miaka mingi katika dhehebu lisilo langu, mzee mwenye maneno machache. Katika saa yetu ya kwanza nilimweleza kuhusu mipango yangu, miradi, na kamati nilizoziunda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mchungaji, nitajie mtu mmoja aliyekukatalia jambo mwaka huu na bado yumo kwenye kamati yako."

Nilinyamaza kwa muda. Nikasema, "Mzee, kwetu tunapatana sana."

"Sikuuliza hilo," akajibu, na akaniacha nifikiri.

Sikuweza kumtaja mtu. Aliyekuja akilini alikuwa mweka hazina wetu wa zamani, ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo alisisitiza kwamba fedha za ujenzi zisitolewe benki bila sahihi mbili, hata ninapokuwa na haraka. Nilimwona kama mtu wa kukwamisha kazi. Sikumfukuza, niliacha tu kumwita kwenye vikao vya maandalizi, nikawa napitia kwa wengine, na baada ya miezi michache alijiuzulu mwenyewe kwa barua fupi yenye adabu. Wakati ule niliisoma barua ile kwa nafuu. Mlezi wangu hakunikemea. Aliniuliza kama ninajua Diotrefe ni nani. Nilijua: ni yule anayetajwa katika Waraka wa Tatu wa Yohana, mtu aliyependa kuwa wa kwanza kati ya ndugu na aliyewafukuza kanisani wasiokubaliana naye. Aliniambia kwamba katika maisha yake hajakutana na Diotrefe hata mmoja aliyejijua kuwa ni Diotrefe, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 50 alipoambiwa.

Nilimwendea yule mweka hazina. Sitaeleza tuliyozungumza, isipokuwa kwamba alinipokea, kwamba ilichukua zaidi ya ziara moja, na kwamba leo hakuna fedha inayotoka bila sahihi mbili. Hakutaka kurudi kwenye nafasi yake, na nimelazimika kukubali kwamba msamaha haurudishi kila kitu. Hakuna video iliyonifikisha hapo. Nilifikishwa na mtu ambaye simlipi, hanilipi, hapigi kura katika mikutano yetu, na hakuhitaji nimpende.

Kwa sababu hiyo naona waandaaji wameutumia vibaya muda wa walezi. Saa moja kwa mwezi ni kidogo, na dakika 15 za saa hiyo hupotea katika kujaza fomu ya maendeleo ambayo mlezi analazimika kuituma ofisini. Ningependa nusu ya masomo ya video ipunguzwe na muda wake utolewe kwa malezi. Vilevile walezi wenyewe hawakuwa sawa. Wenzangu wawili walipewa walezi vijana kuliko wao, wenye juhudi na elimu nzuri, lakini ambao bado walikuwa wakitafuta nafasi katika miundo ileile ya kanisa, na mazungumzo yao yalibaki juu juu.

Dodoso la tathmini, ambalo katika matangazo ya mafunzo lilisifiwa sana, halikunisaidia. Mshiriki huchagua watu 12 wanaomfahamu, nao hujaza maswali juu ya uongozi wake bila kuandika majina. Wazo si baya. Lakini niliachiwa nichague mwenyewe, nami nikachagua, bila hata kujua kwamba ninafanya hivyo, watu wanaonipenda. Alama zilikuja za juu, pamoja na chati ya rangi. Samweli, alipokuwa mzee, alisimama mbele ya Israeli wote na kuuliza alitwaa ng'ombe wa nani, alimdhulumu nani, alipokea rushwa mkononi mwa nani, na akaahidi kurudisha. Aliuliza mbele ya watu wote, waliompenda na waliokuwa wamemchoka, na aliuliza juu ya vitu vinavyoweza kuthibitishwa. Dodoso letu liliuliza kama kiongozi "anahamasisha". Lingekuwa na manufaa zaidi kama orodha ya wajibuji ingetoka kwa mtu mwingine, ikawa na angalau wawili walioacha huduma chini ya kiongozi huyo.

Somo la fedha lilikuwa fupi kuliko yote na, miongoni mwa video, ndilo bora. Lilisimama juu ya sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, ambapo Paulo, akiwa anapeleka mchango kwa ajili ya watakatifu, anakubali kusindikizwa na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu, akijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama mtume hakuona aibu kusindikizwa, mwalimu aliuliza, sisi tunaona aibu gani kukaguliwa? Baada ya hapo alitupa mambo ya kufanya: wahesabuji wawili wasio ndugu, risiti kwa kila pato, taarifa ya robo mwaka inayosomwa na waumini wote, na mkaguzi asiyeteuliwa na mchungaji.

Kuna mambo mengine nitayapitia kwa haraka. Familia ya mtumishi ilipewa kipindi kimoja tu katika mwaka mzima, na wenzi wetu hawakualikwa, ingawa wao ndio wanaoishi na gharama ya huduma. Vitini vimeandikwa kwa kudhani kwamba kila msomaji amepita chuo cha biblia, na mzee wa kanisa katika kikundi chetu alilazimika mara nyingi kutuuliza maana ya istilahi ambazo zingeweza kusemwa kwa maneno ya kawaida. Ada ni ileile kwa anayelipwa mshahara na kwa anayejitolea. Wanaruhusu kulipa kidogo kidogo, jambo ambalo ni jema, lakini mwinjilisti wetu alikaribia kuacha katikati. Mafungo ya kwanza yalikuwa na nusu siku ya ukimya kamili, ambayo wengi wetu tuliiogopa na kisha tukatamani irudiwe. Mafungo ya pili yalijazwa hotuba tangu asubuhi hadi usiku, tukarudi nyumbani tumechoka kuliko tulivyokwenda.

Suala la kuandaa warithi liliwekwa katika mwezi wa mwisho, na hapo naona waandaaji wamekosea mpangilio kwa kiasi kikubwa. Katika sura ya 27 ya kitabu cha Hesabu, Musa anapoambiwa kwamba atakufa, ombi lake ni kwamba Mungu aweke mtu juu ya mkutano, wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Naye anaambiwa amsimamishe Yoshua mbele ya kuhani Eleazari na mkutano wote, aweke mikono juu yake, na kumpa sehemu ya heshima yake akiwa bado hai. Yoshua alikuwa amekwisha kumtumikia kwa miaka mingi. Jambo la miaka haliwezi kufundishwa kwa majuma manne, wakati washiriki tayari wanafikiria cheti. Lingekuwa somo la kwanza, kila mmoja angetaja jina moja mwanzoni mwa mwaka na kutembea na mtu huyo katika masomo yote yanayofuata, akimpa kazi halisi, akimwacha akosee, na kikundi kikimuuliza kila mwezi amemkabidhi nini.

Ninayapendekeza mafunzo haya kwa mtumishi aliyekwisha kuhudumu kwa miaka mitano au zaidi, ambaye ana mamlaka ya kutosha kiasi kwamba watu wameanza kuacha kumpinga. Kwa anayeanza, nadhani ni mapema. Yeye anahitaji kwanza kufanya kazi chini ya mtu mwema. Kwa aliyechoka kabisa, ambaye hawezi tena kuomba wala kulala, yasiwe kimbilio la kwanza: aombe likizo, amwone daktari, azungumze na mshauri aliyesomea kazi hiyo, na masomo yasubiri. Na kabla ya kulipa chochote, omba kuzungumza na mtu atakayekuwa mlezi wako. Muulize kama ana cheo chochote katika muundo unaokuhusu, kama anaripoti kwa mtu yeyote unayoyasema, na kama yeye naye ana mlezi wake. Swali la mwisho nililiuliza kwa kuchelewa, katika mwezi wa tisa, na mzee wangu alijibu kwamba anaye, na kwamba huonana naye kila Alhamisi ya pili ya mwezi.

Usharika wetu umewaandikisha watu wawili katika awamu inayofuata: mzee wa kanisa mmoja, na kijana anayeongoza idara ya vijana, ambaye katika kikao cha mwezi uliopita alinipinga mbele ya wote kuhusu ratiba ya ibada ya pili. Waandaaji wamekwisha kunithibitishia kwa maandishi kwamba mikutano ya vikundi hairekodiwi tena. Nilipowakabidhi wawili hao fomu zao, yule kiongozi wa vijana aliuliza kama atatakiwa kuniletea taarifa ya mazungumzo yake na mlezi. Nilimwambia hapana, na kwamba hata akitaka kuniletea, sitaipokea.